Kaseti Iliyochukuliwa Kiutani

Nina hasira za karibu, na wanaonijua hunipisha mapema. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nitasimulia kwa upole. Mtu aliyeniibia mchezo wangu nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa tumbo moja, na siku aliponiibia nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Watu zaidi ya ishirini waliniona nikicheka, na hilo ndilo lililonimaliza.

Tulikuwa walimu wa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa barabara iendayo Urambo. Mimi nilifundisha hesabu, yeye fizikia. Mimi ni Mnyamwezi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Yeye alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujaonana. Babu zangu walibeba mizigo toka huku mpaka Bagamoyo wakilala katika vijiji vya babu zake, wakatukanana, wakazikana, wakanyang'anyana kuku miaka mingi mpaka ikawa sheria. Mtani akikuita mjinga hukasiriki. Akichukua kitu chako mbele za watu, kimekwenda mpaka ukikomboe. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Siku aliyoripoti shuleni aliniuliza kabila langu, nikamwambia, naye akatua sanduku lake la bati miguuni pangu.

"Alhamdulillahi," alisema, "mpagazi nimempata. Haya, beba."

Nikamjibu kwamba sibebi mzigo wa mtu anayenuka nazi. Chumba kizima cha walimu kilicheka, na urafiki wetu ukaanzia hapo. Aliniita mke wangu, mpagazi wangu, mla michembe, viazi vyetu vya kukausha. Mimi nilimwita maiti ya pwani, maana alikuwa mwembamba na mpenda usingizi. Mke wake wa ndoa alikuwa akinitumia maandazi Ijumaa, na salamu kwamba nimtunzie mume wetu vizuri. Hakuna aliyeona ubaya katika hayo, na ubaya haukuwepo.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilipatikana kwa kujuana, na kiberiti ukikipata unakificha. Kompyuta zenyewe nchi ilikuwa imekataza zisiingizwe ovyo. Hii ya kwetu ililetwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, ikaandikwa kwenye karatasi kuwa ni kifaa cha kufundishia. Alipomaliza mkataba wake akatuachia: kimashine cha ukubwa wa daftari, vibonyezo vyake vya mpira laini kama ndara, pamoja na redio kaseti na televisheni ndogo. Televisheni ilikuwa kichekesho, kwa sababu bara hapakuwa na kituo hata kimoja cha kurusha picha. Walimu walikuja kuchungulia stoo ya maabara, wakaona chengachenga nyeupe, wakauliza sinema inaanza saa ngapi.

Mkuu wa shule alitukabidhi funguo za stoo sisi wawili. Mtani wangu alikaa na mashine juma moja akachoka. Alisema kitu kisichojua hata kuimba hakiwezi kumweka mtu ndani mchana wa jua kali. Mimi nilibaki. Kulikuwa na kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza, nami nilikisoma ukurasa kwa ukurasa kila nilipomaliza vipindi, mpaka nikaweza kuiambia mashine iandike herufi moja mahali ninapopataka. Sijui nieleze vipi furaha ya siku ile. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka kumi, na hesabu haijawahi kunitii hivyo.

Kisha likaja tangazo. Mkuu wa shule alilibandika ubaoni: walimu wa kanda yetu ya magharibi waombe nafasi moja, moja tu, ya kwenda nje kusoma mambo ya kompyuta kwa miaka miwili. Mwombaji awe hajatimiza umri wa miaka thelathini na mitano. Alete kazi aliyoibuni mwenyewe. Maombi yapelekwe Dar es Salaam, kisha maofisa watakuja Tabora kwa treni kuwasaili waombaji.

Nilikuwa nimebakiza miezi saba nitimize miaka thelathini na mitano. Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba masomo mara mbili nikanyimwa kwa maelezo kwamba nitaolewa. Sikuolewa, na masomo sikupata. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na kila mtu katika chumba cha walimu alilijua hilo.

"Hii ni yako, mpagazi wangu," mtani wangu alisema mbele ya wote. "Siku ya kuondoka nitakubebea begi mpaka stesheni. Nilipe deni la babu."

Yeye alikuwa na miaka thelathini na miwili. Hakusema kama ataomba, na mimi sikumwuliza. Mtu aliyechoshwa na mashine kwa juma moja ungemwuliza ya nini?

Niliamua kubuni mchezo, na niliamua uwe wa msafara. Kwenye kioo cha televisheni, kulia ni Bagamoyo, kushoto ni Tabora. Katikati kuna njia nyembamba, na pembeni yake miiba, ila hapa na pale pana kipenyo cha kujibanza mtu apishe. Herufi M ndiye mpagazi wetu anayerudi nyumbani na mzigo. Herufi P ni msafara mwingine unaotoka huku kwenda pwani. Mchezaji anamwendesha M, mashine inamwendesha P. Wakikutana usoni bila mmoja kupisha, mzigo wa M unaanguka na mchezo umekwisha.

Ukiusikia hivyo unaona ni jambo la mchana mmoja. Lilinichukua miezi miwili. Mashine haijui kutembea ni nini. Inajua namba. Kioo chake nilikigawa masanduku thelathini na mawili kwa upana, na M kusogea hatua moja maana yake ni kutoa moja katika namba ya sanduku lake, kisha kumwandika upya. Mara ya kwanza nilisahau kumfuta pale alipotoka. Nikabonyeza kibonyezo, na M mmoja akawa M wawili, watatu, kumi, wametandaza njia nzima. Mtani wangu aliyekuwa amepita kuniletea chai alishika mbavu.

"Wanyamwezi ndivyo mlivyo," alisema. "Ukimwajiri mmoja wanakuja ukoo mzima."

Nikaongeza agizo la kufuta. Halafu M akafika Tabora, akaendelea kutembea, na mashine ikagoma kwa sababu upande wa kushoto wa sanduku la kwanza hakuna kitu. Nikaweka agizo la kumsimamisha ukingoni. Kila kosa nililiandika katika daftari langu la karatasi za mraba, na kila agizo la mchezo pia, kwa kuwa umeme wa Tabora ulikuwa unakatika bila kuaga na kimashine kile kikizimika kinasahau vyote. Kilichokuwa kimekamilika nilikirekodi kwenye kaseti. Kaseti tupu hazikuwepo dukani. Niliyoitumia ilikuwa ya kwaya, zawadi ya shangazi yangu, Mungu anisamehe.

Kosa kubwa lilikuja mwishoni. M na P walikuwa wanagongana siku nyingine, na siku nyingine hawagongani. Wanaendeana uso kwa uso katika njia ileile, halafu wanapitana, kila mmoja anaendelea na safari yake kama pepo. Wanafunzi niliowaruhusu kuchezea walipiga kelele, "Mwalimu, wamepishana!" Nami nikawajibu kwa ukali kwamba katika njia ya mtu mmoja hakuna kupishana. Nilisoma maagizo yangu mara thelathini. Agizo la kugongana lilikuwepo, na lilikuwa wazi: kama namba ya M ni sawa na namba ya P, wamegongana. Wanawezaje kupitana bila kuwa mahali pamoja?

Siku tatu sikula vizuri. Mchana wa siku ya nne nilichukua chaki nikachora masanduku sakafuni, kutoka mlango wa stoo hadi kwenye kabati la asidi. Mtani wangu akaja, nikamsimamisha upande mmoja.

"Wewe ni msafara wa kwenda pwani," nilimwambia. "Mimi natoka pwani. Nikipiga kofi, kila mtu hatua moja."

"Leo umenigeuza Mnyamwezi," alisema, lakini akasimama.

Nilipiga kofi. Tukapiga hatua, tukapiga hatua, tukagongana vifua katika sanduku moja. Wanafunzi waliokuwa dirishani walishangilia. Tukarudi, nikamsogeza sanduku moja mbele, nikapiga kofi tena. Safari hii tulifika tukiwa tumesimama jirani, yeye lake na mimi langu, hakuna sanduku tupu katikati. Kofi likalia. Yeye akaingia kwangu, mimi nikaingia kwake. Tulipita bega kwa bega, tukawa tumepeana migongo.

Nikabaki nimesimama pale pale. Hatukuwa mahali pamoja hata mara moja. Tulibadilishana. Kati yetu yakiwepo masanduku matupu yasiyogawanyika kwa mbili, tunakutana katika lile la katikati. Yakiwa yanagawanyika, tunabadilishana tu, na mashine inayouliza baada ya hatua "Je, mko pamoja?" inajibiwa kwa ukweli mtupu kwamba hapana.

"Nauliza nikiwa nimeshachelewa," nilisema. "Inabidi kuuliza kabla ya kuinua mguu. Mmoja mmoja. Sanduku ninalolitaka lina mtu? Lina mtu, nimemgonga. Halina, naingia, na wewe ndipo unauliza la kwako."

"Yaani kupiga hodi," alisema.

Neno lile alilitoa yeye, sitamdhulumu. Mengine yalikuwa yangu. Niliketi nikaandika maagizo manne, juu yake nikaandika HODI, nikaujaribu mchezo mara hamsini, na kila mara waligongana palipostahili. Nilimkumbatia mtani wangu mbele ya wanafunzi. Alisema nitamvunja mbavu, kisha atamwambia nini mke mwenzangu.

Siku ya wazazi mkuu wa shule alitaka mashine ionyeshwe. Tuliiweka darasani. Wazazi walipanga foleni, safari hii foleni ya furaha. Mzee mmoja mfugaji kutoka Choma aliyekuja kumwona mwanawe alimwendesha M mpaka Tabora bila kudondosha mzigo, akakataa kuondoka kwenye kiti. Ilipofika saa kumi nikatoa kaseti kwenye redio niifungashe. Mkono ukapita juu ya bega langu ukaichukua.

"Jamani, mashahidi!" Mtani wangu alikuwa amesimama juu ya dawati, kaseti ameiinua. "Kaseti hii nimeichukua! Mnyamwezi akiitaka alete jogoo mwekundu!"

Darasa lililipuka. Wazee wanaojua utani walipiga vigelegele kama wanawake, na mzee wa Choma akasema jogoo mmoja ni mdogo, nidaiwe mbuzi. Mimi nilijibu kama inavyotakiwa. Nilisema maiti haina meno ya kula jogoo, nitampelekea uji. Nikacheka, nikafuta machozi kwa ncha ya kanga, nikaahidi jogoo siku ya Jumamosi. Wala sikuwa na wasiwasi. Kitu cha mtani ni kama kimewekwa kabatini.

Alhamisi ya juma hilohilo aliomba ruhusa. Mama yake alikuwa mgonjwa huko pwani. Habari ile ilinishtua. Huyo mama nilikuwa namfahamu kwa salamu zake na kwa matusi yake, maana naye alikuwa mtani hodari kwa barua. Nilitafuta kopo la asali nikampa ampelekee. Nilimfungia begi lake kwenye baiskeli yangu nikalisukuma mpaka stesheni, naye akitembea mikono mitupu akiwaambia wapita njia watazame, mpagazi bado yupo kazini. Treni ilipokaribia kuondoka nikamwuliza kaseti iko wapi.

"Ipo salama," alisema. "Hukuikomboa."

Nilicheka tena.

Majuma matatu yalipita. Barua yangu ya maombi ilikuwa imeshakwenda Dar kwa posta, na ndani yake nilieleza kwamba kazi yenyewe nitaionyesha kwenye usaili. Mtani wangu hakurudi. Sikuona ajabu, mama akiumwa mtu hahesabu siku. Nilichokiona ni kwamba maandazi ya Ijumaa hayakuja. Nilipomtembelea mkewe alinijibu salamu akiwa mlangoni, akasema ana nguo majini. Ningekuwa na akili ningeelewa siku ile. Nilirudi nikaketi na daftari langu nikaanza kuuandika mchezo upya kwenye mashine, agizo kwa agizo, na kaseti ya pili ya shangazi ikaifuata ya kwanza.

Maofisa walikuja wawili, mwanamume mtu mzima na kijana wake mwenye miwani. Usaili ulifanyika mjini katika chumba kimoja cha ofisi ya serikali. Nilifika na mashine yote, televisheni nimeifunga kwenye blanketi. Nilikuwa nimeshona gauni jipya. Nilipowasalimu, mkubwa alinikaribisha vizuri.

"Karibu, Ndugu Mwalimu. Tuonyeshe."

Niliwasha. M akatokea kulia, P kushoto. Kijana mwenye miwani aliinama, akatazama, kisha akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akavua kofia akaiweka mezani taratibu.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "mchezo huu tumeshauona."

Nilidhani sikusikia.

"Mwenzako alituletea Dar es Salaam. Huuhuu. Msafara, mpagazi, miiba. Hata hili neno HODI. Alitueleza jinsi alivyogundua kwamba wanapishana. Alituonyesha kwa miguu yake, sakafuni, ofisi nzima ikaja kutazama. Ana kipaji yule bwana."

Nilisema mchezo ni wangu. Nilisema aliuchukua. Nikatoa daftari langu la mraba, nikawafungulia kurasa moja baada ya nyingine, makosa yangu yote, tarehe zangu, maua niliyochora pembeni nilipokuwa nimechoka. Kijana alilisoma kwa makini, naamini kwamba yeye aliniamini. Mkubwa alisema daftari linaweza kunakiliwa na mtu mwenye kaseti, kama vile kaseti inavyoweza kutoka kwenye daftari. Alikuwa mstaarabu, ndiyo maana akasema tusibishane, aitwe mkuu wa shule.

Mkuu wa shule aliletwa kwa gari. Nilimwona akiingia nikashusha pumzi. Alikuwapo siku ile, aliona kila kitu.

"Ni kweli mwalimu wa fizikia alichukua kaseti ya huyu?" mkubwa aliuliza.

"Ni kweli," mkuu alisema. "Mbele yetu sote."

"Kwa nguvu?"

Mkuu alinitazama. Alikuwa mtu wa Tabora hasa, mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, aliyekulia katika mambo hayo. Nadhani alitaka kunisaidia, na nadhani aliogopa pia shule yake kuonekana ina wezi.

"Hapana, mzee. Kiutani. Hawa ni watani, Mnyamwezi na Mzaramo. Alidai jogoo."

Mkubwa akaanza kutabasamu. "Akapewa?"

"Hakupewa."

"Na nyie mliokuwepo mlifanya nini?"

"Tulicheka."

"Na Ndugu Mwalimu mwenyewe?"

"Yeye alicheka kuliko sisi sote," alisema.

Basi mkubwa akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyepata njia ya kutoka. Alisema mambo ya watani hayana kesi, hata mahakama haiwezi kuingia humo, tukamalizane wenyewe kwa jogoo. Aliniambia nina akili na kwamba nafasi nyingine zitakuja. Nilimwambia umri wangu. Akasema pole. Kijana alinisaidia kufunga televisheni kwenye blanketi na hakuthubutu kunitazama. Nilirudi kwangu Gongoni nikisukuma baiskeli, na gauni lile sikulivaa tena.

Baada ya mwezi ilikuja barua yake, imeandikwa siku chache kabla hajapanda ndege. Ilikuwa fupi. *Mpagazi wangu, nilisubiri jogoo siku tatu hakuja. Unajua sheria. Mke na watoto wanakusalimu.* Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali anaposema nisamehe, hata kwa fumbo. Hapakuwepo. Ningeweza kumsamehe mwizi. Wezi wapo, na hata mimi nimewahi kununua sukari kwa mlango wa nyuma. Lakini aliichukua desturi ya babu zetu, iliyowawezesha watu wageni kulala nyumba moja bila kuogopana, akaivaa kama kanzu ili aniibie ndani yake. Na kila nilipomweleza mtu mjini, mtu huyo alianza kwa kusikitika, akafika kwenye jogoo, akacheka. Mwishowe niliacha kueleza.

Alirudi baada ya miaka miwili, akapewa kazi Dar. Tulisikia kwamba ana ofisi yenye mashine inayopooza hewa. Mimi niliendelea na hesabu zangu. Kimashine cha stoo kiliungua siku umeme ulipokuja kwa nguvu kupita kiasi, nami sikulia.

Kisha baba yangu akafariki. Tulimzika kijijini kwake, njia ya Urambo, na katika mazishi ya Mnyamwezi watani lazima wawepo. Walikuwepo wengi. Tulipokuwa tumekaa uani, wanawake upande wetu na wanaume wao, nikasikia kicheko kikipanda kuanzia barabarani. Nikainua macho. Mtani wangu alikuwa anakuja amevaa koti la baba la reli, alilolitoa sijui wapi, anatembea kama baba alivyotembea, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, bendera ya kijani ya kitambaa mkononi. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa treni. Alikuwa amenenepa. Alimwigiza baba akimfokea dereva wa treni, kwa Kinyamwezi kibovu cha Kizaramo, na waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Shangazi yangu alijilaza kwenye mkeka kwa kicheko. Alimwigiza vizuri. Sitasema uongo, kwa dakika moja nilimwona baba.

Kisha akaja mbele yangu, akasimama na bendera yake.

"Mpagazi wangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mzee kasafiri, na mzigo kamwachia nani? Leo mtalipa! Siondoki hapa bila mbuzi!"

Ua wote ulisubiri jibu langu. Ilikuwa zamu yangu. Matusi yalikuwepo, tena mazuri, yalikuwa yamejipanga ulimini kwa miaka mingi: unene wake, ofisi yake ya baridi, maiti iliyofufuka ikaota kitambi. Mtani akija msibani kwako na ukamtukana, yamekwisha yote. Ndivyo ilivyo. Alijua hivyo, na ndiyo sababu alikuja kwa treni siku nzima. Nilimwona machoni kwamba anasubiri, na kwamba anaogopa.

Niliinuka, nikajifunga kanga vizuri, nikampa mkono.

"Karibu, ndugu," nilisema. "Ahsante kwa kutukumbuka. Poleni na safari."

Shangazi aliacha kucheka. "Mjibu mtani wako," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Karibu chakula, ndugu," nilirudia. "Maji ya kunawa yapo pale."

Aliendelea kunishika mkono. "Mbona hunitukani?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya kwake mwenyewe. "Nitukane basi. Tusi moja tu."

Nilisema watu wa mbali hula kwanza, nikaita aletewe sahani. Alivua koti la baba mbele ya watu wote, akalikunja, akampa shangazi. Alikula matonge mawili, akanawa, akaenda zake stesheni kabla ya saa kumi. Hajarudi tena Tabora. Toka siku ile watu hunisifu kwa ustaarabu wangu pale msibani, na mimi nimebaki na hamu ya kumtukana mpaka leo.